Dirisha la Ukutani Halikupokea Jina

Mwanangu, ipo siku moja ya Handeni ambayo hainitoki, na kila nikikuona umeinamia kompyuta naiona upya.

Mimi na marehemu baba yako tulikuwa vijana, tumetoka nyumbani Kilole kwenda kuweka programu kwenye zahanati moja. Tuliiandika kwa lugha zile zile za kutengenezea tovuti, ila yenyewe ilikaa ndani ya kompyuta. Ilikuwa na madirisha mawili: moja mbele ya karani wa mapokezi, jingine kwenye skrini kubwa ukutani. Karani akibonyeza jina la mgonjwa, litokee kule ukutani.

Tulikuwa tumeshakunja nyaya, tunawahi basi la Korogwe, baba yako akamwona bibi mmoja aliyetoka Kwedizinga, amempakata mjukuu anayechemka homa.

"Shikamoo bibi. Hujaitwa bado?"

"Marahaba, baba. Waliokuja nyuma yangu wote wameingia. Labda leo si siku yangu."

Karani akashtuka. "Mbona nilishamwita? Kwangu inaonyesha ameitwa!"

Mtoto akapelekwa kwa daktari mbio. Sisi tukafungua kompyuta, tukaona: dirisha la ukutani lilikuwa limefungwa kwa bahati mbaya, likafunguliwa tena, na jina la bibi likatumwa kabla dirisha hilo halijawa tayari kupokea.

"Tutarekebisha kesho," nikasema. "Basi linatuacha."

"Lituache, mke wangu. Madirisha haya hayaonani. Programu kuu iliyo katikati ndiyo inayobeba ujumbe kutoka huku kwenda kule. Sisi tumeishia kutuma tu, hatukuuliza kama umefika."

Tukakaa. Tukalifanya dirisha la ukutani lijibu kila linapopokea jina, na jibu lisipokuja, jina libaki jekundu mbele ya karani. Tulipomaliza, bibi alikuwa anatoka, mtoto ameshaanza kudai uji. Basi lilikuwa limekwenda zamani. Tukakaa stendi tukila mahindi ya kuchoma, baba yako akicheka jinsi nilivyonuna. Ningempata tena jioni moja tu, mwanangu, nisingenuna.

Basi nakuomba hivi. Usiondoke kazini kabla hujawatazama usoni wanaongoja. Ukituma neno, liwe la programu au la mtu unayempenda, subiri ujue limefika. Na aliye karibu nawe, zungumza naye angali anajibu.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya baba yako, na akujalie mwenzi wa kuchoka naye mkicheka.