Njia Niliyoipaka Chokaa

Hakuna mtu aliyezaliwa upande wetu wa Geita anayepanda kilima haraka kuliko mimi. Nasema hivyo kwa sababu nimekimbia nao wote. Niliondoka Katoro na begi la shule lenye zipu mbovu, nikaenda kaskazini kwenye milima mirefu kubeba mizigo ya wageni kichwani, na nikarudi na stashahada ya uongozi wa watalii, jozi tatu za raba za kukimbilia milimani, na moyo ambao daktari aliusikiliza mara mbili akidhani kifaa chake kimeharibika. Sikusomeshwa na mjomba wala na mbunge. Ada yangu niliilipa kwa shingo yangu.

Kule juu njia inaanza kwenye migomba na kahawa, inaingia msitu wenye tope jeusi, halafu miti inafupika mpaka inakufikia magotini, na mwishoni kunabaki changarawe na baridi inayochoma masikio. Wageni hukimbia njia hiyo kwa hiari yao, na mbele yao lazima akimbie mwenyeji wa kuwaonyesha pa kukanyaga. Kwa misimu sita mwenyeji huyo nilikuwa mimi, Msukuma, mtu wa tambarare. Nimewaona wanaume wenye saa za kupimia mapigo wakitapika kwenye nyasi huku mimi nimekaa juu ya jiwe natafuna karanga.

Nilirudi nyumbani kwa sababu nilitaka kitu kiitwe changu. Vilima vya kwetu, ukivilinganisha na vya kule, ni vichuguu. Lakini vina mawe makali na miteremko ya ghafla, na nyuma ya Katoro nilipata vitatu vilivyofuatana vizuri. Njia yangu ilianzia kwenye mashamba ya mihogo, ikapanda cha kwanza, ikapita katikati ya kaya zilizo chini ya cha pili, ikamalizikia juu ya cha tatu, kwenye jiwe kubwa lililopasuka. Nilipaka mawe chokaa toka mwanzo hadi mwisho ili mtu asipotee akaangukia kwenye mashimo ya zamani ya dhahabu.

Wiki ile ile wanakijiji wakachimba chini ya mawe yangu manne. Waliona mtu amesoma, ametoka mbali, anaweka alama kwenye mawe. Wakajua anaficha habari ya dhahabu. Kwenye shimo moja walifika kina cha kiuno. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kumweleza kwamba ni mbio tu. Akanisikiliza, akauliza, "Mbio za kumkimbia nani?"

Hapo ndipo palipo na jambo la kwetu. Kwa Wasukuma wa vijijini mtu mzima hakimbii bure. Anayekimbia anakimbiza ng'ombe, au anakimbizwa kwa ajili ya ng'ombe. Mtu akionwa anakimbia pasipo sababu, aliyemwona hupiga mwano, yaani yowe la hatari, na kila mwanamume anayelisikia huacha alichoshika, huchukua fimbo na kutoka. Asiyetoka hutozwa faini. Na kama mwano umekukuta unakimbia nawe si mwizi, unajua la kufanya tangu ukiwa mchunga ndama: unakaa chini, unaweka mikono kichwani, unataja jina la baba yako kwa sauti. Anayekaa haguswi. Anayeendelea ndiye mwizi mwenyewe.

Tukakubaliana na mwenyekiti: Jumamosi tu, na wakimbiaji wavae fulana za njano. Akatangaza. Watu wakaanza kuja, walimu, manesi, wafanyabiashara wenye vitambi. Niliwanyoosha. Mama mmoja muuza vitenge nilimwambia anakimbia kama gunia la mpunga linaloshushwa kwenye lori. Alilia mbele ya watu, kisha akapungua, kisha akaja kunishukuru. Huo ndio ualimu wangu na sijawahi kuuonea aibu.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, hakuwa akija. Yeye alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kule pembeni ya mji. Alibeba mawe kutwa nzima, na alipokohoa mate yake yalitoka ya kijivu. Mke wake alikuwa amewachukua watoto wawili akarudi kwao Nyasubi, Kahama, akaacha ujumbe kwamba atarudi siku mume wake atakapopata kazi isiyo na vumbi. Binamu alinizidi mwaka mmoja, na kwa kuwa mtoto wa mjomba ni mtani, tulitukanana tangu utotoni bila kudaiana samahani.

Siku moja mzee niliyemfanyia kazi kaskazini akanipigia simu. Alihitaji mtu mmoja wa kukimbia mbele ya wageni msimu mzima, na akataka nimchagulie kutoka kwetu, kwa kuwa aliniona mimi akadhani wote tuko hivyo. Jibu alilitaka Ijumaa. Binamu akapata habari. Jumatano nilipopita kwenye karasha akanizuia mbele ya wenzake, mwili mzima mweupe kwa vumbi.

"Nipe mimi hiyo kazi."

"We ngosha," nikamwambia, kama tuitanavyo wanaume wa Kisukuma, "kule juu hewa ni haba. Wewe hata hii ya bure ya hapa chini inakushinda."

"Ulipoondoka hapa ulikuwa ukikimbia kuku anakupita."

"Sasa nina stashahada."

"Stashahada inapanda mlima? Mama yako ameitundika ukutani, sijaiona hata siku moja ikitoka jasho."

Wabeba mawe walicheka mpaka mmoja akazima mashine ili asikie vizuri. Kicheko kile kilinichoma. Nikasema kwa sauti ili wasikie wote: "Kesho alfajiri, vilima vitatu. Nakutanguliza dakika nne. Nikikukamata kabla ya jiwe lililopasuka, unarudi kwenye karasha yako ukafie humo."

"Na usiponikamata?"

"Ijumaa napiga simu, namwambia mtu ni wewe. Lakini usisimame. Nikikuona umesimama, hata kwa kufunga kamba ya kiatu, umeshindwa."

Kicheko kikaisha. Walijua kama mimi nilivyojua kwamba nyuma ya kazi ile kulikuwa na mke na watoto wawili.

Alhamisi alikuja amevaa kaptura, singlendi nyeusi, na raba zangu kuukuu ambazo zilimzidi, amezijaza matambara mbele. Haikuwa Jumamosi, na fulana ya njano sikumpa. Siku mbili kabla, ng'ombe walikuwa wameibwa kwenye kaya za kilima cha pili. Nilikuwa nimesikia, sokoni hakukuwa na habari nyingine. Kwa mwenyekiti sikwenda. Sikuona kwa nini mtu aliyeongoza wageni kwenye theluji aombe ruhusa ya kupita kwenye mihogo.

Nilimpa dakika zake nne kamili. Mimi sipunji. Nilipofika juu ya kilima cha kwanza, jua likiwa linachomoza, nilimwona ng'ambo, anateremka kuelekea kwenye kaya. Lazima nikiri alikuwa anakwenda vizuri. Alikanyaga hatua fupi za mtu aliyezoea kushuka na jiwe begani. Ila kila baada ya hatua chache aligeuza shingo kunitafuta.

Mama mmoja alikuwa juu ya mwamba anaanika makopa ya mihogo. Akaona mwanamume asiyemtambua kwa umbali ule, ametoka porini, anakimbia huku akitazama nyuma. Akaweka kiganja mdomoni akapiga mwano.

Kaya ya jirani ikaupokea. Kisha filimbi. Nikaona wanaume wanatoka, wengine kifua wazi, mmoja na mswaki mdomoni, fimbo mkononi. Nikasimama nikisubiri binamu akae chini. Alikuwa Msukuma kuliko mimi; alilijua hilo kabla ya kujua kuandika jina lake. Akapunguza mwendo. Nilimwona kabisa anapunguza. Halafu akageuka, akaniona juu ya kilima, akaongeza.

Ningeweza kukaa chini mimi. Ningekaa pale pale juu, peupe, mikono kichwani, angejua mbio zimekwisha, naye angekaa. Wazo hilo lilinijia likiwa kamili, si baadaye hospitalini, ni pale pale. Nikakimbia. Nilijiambia nitawawahi wale watu nimkinge. Na nitasema na lingine, kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema: jiwe lililopasuka lilikuwa bado mbali, na nilikuwa naweza kumkamata.

Kwenye kilima cha pili niliwapita wale wanaume mmoja mmoja, watu waliokulia kukimbiza ng'ombe. Walidhani nimeitikia mwano kama wao. "Mkamate, kaka, wewe una mbio!" mmoja akapiga kelele, akanipisha njia. Nilisikia raha. Sijawahi kupanda kilima cha tatu vile, si kabla wala baadaye.

Zilibaki kama hatua tatu kwake, na kwangu kama thelathini, wanaume wawili walipotokea upande wa pili wa jiwe. Wa kwanza alimpiga fimbo ya goti. Nilisikia mlio wake, mkavu, kama muhogo unavyovunjwa. Binamu akaanguka kifudifudi. Wakamfuata kwa fimbo za mgongo, naye chini ya fimbo zile akajivuta kwa viwiko, akanyoosha mkono, akauweka juu ya jiwe.

"Nimefika," akasema.

Nikafika mimi. Nikapaza sauti kwamba ni mtoto wa mjomba wangu, nikataja baba yake na babu yake. Fimbo zikasimama. Wengine wakawasili wakihema. Mzee mmoja, namhala aliyemfahamu marehemu mjomba, akachuchumaa, akamfuta mchanga usoni akamtazama.

"Wewe si wa hapa hapa? Mbona hukukaa chini?"

Binamu akaninyooshea kidole. "Huyu alisema nisisimame."

Hakuna aliyenigusa. Walinitazama tu, kisha wakakata miti ya kutengenezea machela.

Ijumaa nilikwenda hospitali. Mguu ulikuwa umefungwa toka pajani hadi kwenye kifundo. Sikuwa nimekaa bado.

"Ulinikamata?" akauliza.

"Hapana."

"Basi piga simu. Weka sauti nisikie."

Nikapiga. Nikamwambia yule mzee kwamba mtu nimempata, ni binamu yangu, ameshinda mtihani wa vilima vitatu. Mzee akafurahi. Akauliza aje lini. Nikasema goti limevunjika na daktari anasema halitakunjika tena.

"Sasa kijana wangu," mzee akasema, "mbona unanipotezea muda? Nitafutie mwenye miguu."

Binamu akageukia ukutani. Jioni ile ile nilimtuma mwalimu mmoja wa kundi la Jumamosi. Yuko huko mpaka leo na wananisifia jinsi nilivyomwandaa. Wazee wa kijiji walikaa, wakaona aliyekosea ni mimi niliyekimbiza mtu siku isiyotangazwa, wakanitoza mbuzi, wakamla mbele yangu. Mke wa binamu hajarudi kutoka Nyasubi.

Binamu hawezi kubeba mawe wala kuitikia mwano. Asiyeitikia mwano hutozwa faini, kwa hiyo wazee wakamtafutia nafasi: wakamkabidhi filimbi. Hukaa kwenye kigoda nje ya kaya ya marehemu baba yake, chini ya kilima cha pili, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe, filimbi shingoni. Njia yangu inapita hapo. Kushoto ni miamba, kulia ni mashimo. Hakuna pengine pa kupita, nimetafuta.

Bado nakimbia kila asubuhi. Utani hanitanii tena. Nikitokeza kwenye minyaa ya uzio wake, ananitazama, anaishika filimbi kwa vidole viwili, anaileta karibu na mdomo, anasema:

"Shikamoo, kaka."

Yeye, aliyenizidi mwaka mmoja. Nami naitikia marahaba, maana shikamoo isiyoitikiwa ni mbaya zaidi, na wapo wanaosikiliza. Kutoka mnyaa wa kwanza hadi wa mwisho natembea, mikono ikiwa wazi kando ya mwili. Shingo siigeuzi. Nikishamaliza uzio wake ndipo naanza tena kukimbia.

Muda nilioutumia asubuhi ile ya Alhamisi kupanda kilima cha tatu nauona bado kwenye saa yangu. Hakuna aliyewahi kuuvunja, hata mimi.