Moshi Tulioufuata Kiwanjani

Mwaka jana nilirudi Kasongo kwa ndege ndogo, mimi na mjukuu wangu, tukashuka kiwanjani. Rubani alikuwa bado hajazima injini. Upepo ulitugeukia ukaleta ile harufu, tamu kidogo na kali ndani yake, nikasimama katikati ya majani nisiweze kwenda mbele wala kurudi. Mjukuu alidhani ni kizunguzungu cha angani. "Nyanya, twende, watu wako wanatungojea," alisema akinishika kiwiko. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa nimerudi utotoni, na katika utoto wangu, rafiki yangu, kuna mahali ambapo sikupenda kupita kwa miaka mingi. Leo nitapita nawe.

Wakati ule Wabelgiji ndio waliokuwa wenye nchi. Baba alikuwa kazini kwenye machimbo upande wa Lusangi na alikuja nyumbani mara chache, kwa hiyo mama alitupeleka, mimi na mdogo wangu wa kike, tukakae Kasongo kwa mama yake mzazi. Nyumba ya nyanya ilikuwa ya mwisho kabisa kabla ya kufika kiwanja cha ndege. Zamani pale kiwanjani palikuwa mashamba ya mpunga, na shamba la nyanya yetu lilikuwemo. Walikuja watu wa serikali na kamba na vigingi, wakapima, wakafyeka, wakasawazisha, na nyanya akabaki na kipande nyuma ya nyumba. Hakulizungumzia sana jambo hilo. Alikuwa tu na desturi ya kusimama mlangoni baada ya sala ya alfajiri, akitazama ule uwanja mrefu mwekundu kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti chake.

Nawe labda unakumbuka siku za mpunga mpya. Tulianika kwenye mikeka uani, na kazi yangu ilikuwa kuugeuza kwa mikono na kufukuza kuku. Mchana mama na nyanya walitwanga wakipokezana, michi miwili kwenye kinu kimoja, mmoja ukipanda mwingine ukishuka, na mdogo wangu akicheza kwa mdundo huo, tumbo mbele, mikono juu. Tulikula wali na sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa kwa mawese, na siku ambayo wavuvi wa Nyangwe, kule mtoni, walileta samaki sokoni, nyumba nzima ilinukia mpaka kesho yake.

Mjomba wangu, kaka mdogo wa mama, alikuwa kijana wa vichekesho. Aliweza kuiga sauti ya padri, ya kapita anayesimamia vibarua, ya mbuzi aliyenyimwa chumvi. Alipopata kazi kiwanjani alianza kuiga ndege: kwanza inavyokohoa kabla ya kuwaka, halafu inavyonguruma, halafu inavyopotea mbali juu ya mto, na mdogo wangu alikuwa akianguka chini kwa kucheka. Kazi yake ilikuwa kuviringisha mapipa ya esansi, mafuta ya ndege, na kuyapampu kwa mkono mpaka tangi lijae. Pampu ilipogoma alivuta kwa mdomo kwenye bomba la mpira, akatema, akaendelea. Kisha alisimama nyuma ya injini wakati zikipashwa moto, kusudi aondoe magogo chini ya magurudumu pindi rubani atakapoinua mkono. Alirudi nyumbani ananuka ule utamu, nguo zake, nywele zake, hata pumzi yake. Sisi watoto tuliipenda harufu hiyo. Tulimkimbilia na kumnusa.

Ndege ilikuja mara moja kwa juma. Tuliisikia kabla ya kuiona, na kila mtu aliacha kazi. Ilipowashwa ili kuondoka, moshi mzito ulitoka, mweusi kwanza kisha wa buluu, ukachanganyika na vumbi, ukavuka ua wetu wote. Ulikaa juu ya mpunga kwenye mikeka. Ulikaa juu ya majani ya muhogo, na ukipitisha kidole unabaki na masizi yenye mafuta. Nyanya alianza kuosha mchele mara nyingi kuliko zamani, na bado wali ulikuwa na ladha yake. Nyuki waliokuwa kwenye mzinga wa jirani walihama msimu ule ule. Macho yetu yaliwasha. Nyanya alifunika chungu chake cha maji kwa ungo na jiwe juu yake, akasema neno ambalo alilisema mara nyingi: "Moshi hauna mwenyewe, lakini una mwenye kuumia." Mjomba alicheka. "Mama, ni maendeleo hayo." Nyanya akajibu, "Basi mwambie maendeleo yapitie upande mwingine. Huku kuna watu wanakula."

Kiangazi kile kikaja kifaduro. Unakijua kikohozi kile: mtoto anakohoa, anakohoa, mpaka pumzi inakwisha, halafu anaivuta kwa mlio kama jogoo. Kilianza upande wa sokoni, kikapanda nyumba kwa nyumba. Mimi nilikipata nikapona. Mdogo wangu kilimkamata vibaya. Alikuwa bado mdogo, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, na kila alipokohoa alishika kanga ya mama kwa mikono yote miwili kana kwamba anavutwa na mtu kwa nyuma. Dispanseri walitoa dawa ya maji. Nyanya alimpa asali na kumsomea dua. Siku zilipita na mtoto akawa mwepesi mikononi.

Ndipo alipokuja jirani yetu, mke wa fundi wa nguo. Alikuwa mwanamke mwema, usimfikirie vibaya. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto anayekohoa. Alikaa kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, nimesikia dawa. Kule mijini wazungu wakiwa na mutoto wa kifaduro, wanamupandisha ndege. Anapanda juu, anashuka, kikohozi kimeisha."

"Nani atapandisha mutoto wangu ndege?" mama aliuliza.

"Hakuna. Ndani si kwetu. Lakini moshi unatoka inje, na moshi hauna mulinzi. Wamama wengine wameisha kwenda. Wanasema unafungua kifua."

Nyanya alikuwa anachambua mchele. Aliuweka ungo chini. "Mutoto anakosa pumuzi," alisema, "na nyinyi munataka kumupelekea moshi?"

Jirani alijifunga kanga, akaaga. Mjomba aliporudi jioni, mama alimuuliza yeye, kwa sababu ndiye aliyeijua ndege. Naye alifikiri kweli, nilimwona akifikiri. Kisha akasema, "Dada, mimi ninavuta ule moshi kila juma. Unaniona niko mugonjwa? Sijakohoa hata siku moja." Akamchukua mtoto, akamweka begani, akamgeukia nyanya. "Mama, mujaribu tu. Tukikaa hivi tunamungojea afe."

Nyanya aliinuka akaingia ndani. Nilimsikia akisema peke yake kwa Kibangubangu, lugha ya kwao Kabambare, lugha aliyoitumia alipokuwa hataki tuelewe.

Siku ya ndege tulikwenda asubuhi. Nilibeba chupa ya maji. Wamama walikuwa wamejipanga nyuma ya kamba, kila mmoja na mtoto mgongoni, na vikohozi vilijibizana kama vyura wa bondeni. Rubani alitupungia mkono. Nadhani aliamini tumekuja kumuaga. Mjomba alikuja mbio, akasema upepo wa injini utamwangusha mama, afadhali yeye ampeleke mtoto. Akamfunika mtoto kwa koti lake, akaacha uso tu, akasimama mahali pale alipozoea kusimama.

Injini ilikohoa, ikawaka. Moshi uliwafunika wote wawili. Niliona miguu ya mjomba tu, halafu sikuiona hata miguu. Mtoto alikohoa kikohozi kirefu ambacho sijasikia kingine kama hicho, akatapika, kisha akanyamaza. Akawa kimya kabisa, macho wazi, akimtazama mjomba. Wamama walipiga vigelegele. "Imefanya kazi!" jirani alilia kwa furaha. Tulirudi nyumbani na mtoto hakohoi, na mjomba, aliyekuwa ameomba ruhusa kidogo, alitembea mbele yetu akiiga ndege ili mtoto acheke. Hakucheka. Tulisema amechoka.

Mchana midomo yake iligeuka rangi ya zambarau. Mama alikimbia naye hadi dispanseri, mimi nyuma yake. Infirmie, ndivyo tulivyomwita mwuguzi, alimweka kwenye meza, akasikiliza kifua, akauliza tumempa nini. Mama akamweleza. Yule mtu hakufoka. Aliinamisha kichwa, akasema, "Mama, kifua hiki kilitaka hewa. Hewa tu." Alifanya alichoweza. Kesho yake saa ya kutwanga mpunga, ukimya uliingia uani kwetu, na michi ya majirani pia ikanyamaza mmoja mmoja kadiri habari ilivyofika.

Nyanya ndiye aliyemwosha. Mtoto alizikwa siku hiyo hiyo, baada ya alasiri.

Sitakudanganya. Kifaduro kiliua watoto wengi kiangazi kile, hata wale ambao hawakufika kiwanjani, na mtoto wa jirani, aliyesimama kwenye moshi ule ule, alipona. Hakuna aliyeniambia kwa hakika mdogo wangu aliuawa na nini. Lakini mjomba hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Alikwenda kwa kapita kuomba kuacha kazi. Kapita alimkumbusha kwamba ametia kidole kwenye mkataba, na anayekimbia mkataba analala jela. Basi akarudi kwenye mapipa yake. Ila siku za ndege alibadilika. Wamama walipokuja na watoto wao, mjomba, ambaye hakuwahi kumfokea hata mbuzi, aliwatokea na fimbo mkononi akipiga kelele, "Murudi! Hakuna dawa hapa! Mupeleke watoto nyumbani!" Mzungu wa kiwanja alipendezwa naye sana. Alimsifu mbele ya wenzake kwamba sasa ndiye mtu anayejua kulinda utaratibu, akampa kofia.

Halafu mikono ya mjomba ikaanza kutetemeka. Kikombe cha chai kilimwagika kabla hakijafika mdomoni. Aliumwa kichwa, alikosa usingizi, na alijikung'uta mikono akisema ana siafu, wakati hapakuwa na siafu. Maneno yalimpotea katikati ya sentensi. Watu walisema ni majini, wengine ni huzuni, wengine ni pombe, na hakuwa mtu wa pombe. Kiwanjani walipoona hawezi tena kushika pampu walimfukuza, na ule mkataba ambao haukuweza kuvunjika ukavunjika asubuhi moja.

Wajukuu wangu waliosoma wameniambia kwamba esansi ya zamani ilitiwa madini ya risasi, na risasi hiyo huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, ikapanda hadi kichwani. Na kwamba moshi ule ulikuwa na mambo mengine mengi ambayo mapafu ya mtoto hayayawezi. Wananieleza vizuri, kwa upole. Nawasikiliza, nikimwona mjomba anavuta mpira kwa mdomo na kutema.

Nyanya alifunga nyumba. Alisema mwanawe hatapona mahali panapopita kitu kile, akamchukua kwenda Kabambare, kwa ndugu zake. Tulikwenda wote kwa miguu, tukilala kwenye vijiji vya njiani, mama akiwa na mimba kubwa. Kule hapakuwa na kiwanja. Palikuwa na vilima na mihogo, na asubuhi hewa ilikuwa baridi na safi mpaka inauma puani. Mjomba alipata nafuu kidogo. Alilala usingizi. Lakini hakuiga sauti ya kitu chochote tena, na alipomwona mama akija, alihamia upande wa pili wa nyumba.

Mama alijifungua mtoto wa kiume. Baada ya siku za uzazi kwisha, alimbeba nje, akamkuta mjomba amekaa kwenye kigoda kando ya kinu. Mjomba aliinuka aondoke.

"Kaa," mama alisema.

"Dada, mikono yangu inatetemeka."

"Naiona. Kaa."

Alikaa. Mama akamweka mtoto mapajani pake, akapiga magoti chini, akapitisha mikono yake chini ya mikono ya mdogo wake ili wamshike pamoja. Mjomba alimtazama mtoto. "Ulinipa mutoto mara ya kwanza," alisema, "mimi nikamurudisha namna ile." Mama akasema, "Nilikupa mimi. Tulimupeleka wote wawili." Walikaa hivyo muda mrefu. Nyanya alikuwa anatazama kutoka mlangoni.

Mjomba alifariki kabla ya Uhuru, bado kijana. Nyumba ya nyanya pale kiwanjani haipo. Nilipotafuta mwaka jana niliona majani tu na vijana wa pikipiki wakingoja abiria. Shamba hakuna. Siku hizi nasikia kinu mara chache, watu wanapeleka mpunga mashineni. Wamama waliojipanga nyuma ya kamba wamekwisha wote.

Mama aliishi sana. Katika uzee wake niliwahi kumuuliza kama bado anamkumbuka mdogo wangu yule aliyefariki. Akasema, "Uso wake nimeusahau. Kikohozi chake ndicho ninachokumbuka." Basi nikamweleza uso huo, taratibu: nyusi zilizokutana katikati, meno ya mbele yaliyoachana, kovu dogo kidevuni alipoanguka kizingitini. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mtoto wa jirani.