Kutoa Kumi

Futi ya kupimia ya chuo chetu ilikuwa imekatika kichwa. Sijui ni nani aliyeikata. Nilipoingia niliikuta hivyo, inaanzia sentimita ya kumi. Ilikuwa moja tu kwa darasa zima, basi mwalimu wa useremala akatufundisha namna ya kuishi nayo. Ukipima kitu, unachosoma utoe kumi. Ukienda kuchora kwenye mbao, uongeze kumi. Miaka miwili nilikuwa nikisema hayo, hata nikipima kitanda cha mamangu kule Kakuyuni mdomo ulikuwa ukitoa kumi wenyewe.

Nimeyaweka haya mwanzo, isije ikaonekana natafuta kisingizio. Labda natafuta. Mimi shule niliiachia darasa la nane na kuandika hakunijii upesi, lakini nataka kila mtu apewe lililo lake.

Tulikuwa wanawake wawili katika darasa la wanaume. Mwenzangu ni wa Kisumu Ndogo, pale Malindi, ana watoto wawili, na kwa kupiga randa alinishinda. Hilo halina ubishi. Mafunzo ya mwisho tulipelekwa Bofa, kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Fundi mkuu wa pale alikuwa mzee wa mjini, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza aliitikia shikamoo zetu, akatutazama mikono, akasema mafunzo yakiisha atabakisha mmoja wetu awe fundi wake wa milango na madirisha. Mmoja tu. Katika waliotutangulia chuoni, wale ninaowajua mimi, hapakuwa na hata mmoja aliyeshika randa tena baada ya kumaliza. Tukaahidiana kwamba atakayebaki abaki, hatutagombana.

Wiki ya tatu akatupa kazi ya fremu za milango minane. Akatupa mbao za mbambakofi, na futi mpya, nzima. Mimi nikapima nafasi za milango. Mwenzangu kazi yake ilikuwa kuchora na kukata miimo, zile mbao mbili zinazosimama kushoto na kulia. Kila mlango nilisoma mia mbili na kumi. Nikaandika mia mbili kwenye kipande cha ubao, nikampelekea pamoja na ile futi.

Nilikuwa nimetoa kumi.

Yeye hakuongeza. Tangu asubuhi alikuwa akijikumbusha kwamba futi hii ni nzima. Kwa hiyo yeye alifanya sawa, aliyekosea ni mimi, na lau naye angekosea kama mimi, miimo yote ingeingia. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na bado sijaona linanifundisha nini.

Miimo kumi na sita. Tulipousimamisha wa kwanza, juu pakabaki upana wa kiganja. Fundi mkuu hakupaza sauti. Aliuliza tu nani amekata.

"Ni mimi," mwenzangu akasema.

"Mama, mbao si kitambaa ukaitia kiraka. Kesho usije."

Kile kipande cha ubao kilikuwa karibu na mguu wangu, mwandiko wangu uko juu. Nilisema kitu? Nadhani nilisema "Fundi", kisha nikakohoa. Mwenzangu anasema hakusikia lolote, na yeye si mwongo.

Kesho yake nikaenda kazini peke yangu. Nilifanya kazi hadi saa nne, sikuweza zaidi. Nikamwendea fundi mkuu na kile kipande nikamweleza yote, futi ya chuo, kutoa kumi, kila kitu. Akanisikiliza hadi mwisho. Nilitaraji atasema basi mwite mwenzako. Akasema mbao zile aliziagiza yeye, na mwenye nyumba anamuuliza yeye. Aliyekata bila kwenda kuhakikisha mwenyewe hawezi kumrudisha, na asiyejua kupima hawezi kumbakisha. Sikuona alipokosea. Nikakusanya vitu vyangu.

Nilipofika Malindi nilipitia kwa mwenzangu. Alikuwa barazani akikaanga mahamri ya kuuza. Nilidhani atafurahi walau kwamba nimemtoa lawamani. Akaendelea kugeuza mpaka yote yakaiva, ndipo akasema:

"Dadangu, ungenyamaza. Angalau mmoja angekula."

Hakuwa na hasira. Alinipa mawili kwenye karatasi, nikayala pale pale.

Juzi nilirudi chuoni kuchukua cheti. Nilimwambia mwalimu habari ya ile futi. Alisikitika kweli, akasema kuomba ameomba sana, hajaletewa. Kisha akaingia darasani. Nami nilikuwa nje ya dirisha, cheti kiko kwenye bahasha, nikamsikia mwanafunzi akisoma urefu wa meza, mia na thelathini, na darasa zima likamwitikia, toa kumi.

Mdomo wangu nao ukatoa.