Benchi la Njia ya Maporomoko

Fundi cherehani alikuwa ameishi miaka ishirini na mitatu bila kukanyaga ule msitu, ingawa ulikuwa mwendo wa nusu saa tu kutoka dukani kwake, na mumewe ndiye aliyekuwa mlinzi wa humo. Ulikuwa msitu mdogo wa mvua, uliozungushiwa waya, mabaki ya ule mkubwa uliokatwa zamani kuupisha mji. Watu wa mjini waliwaachia wageni na wanafunzi kuutembelea.

Yeye alikuwa na jina lake la kuuita: mke mwenzangu.

"Leo mke mwenzangu kakupa nini?" humuuliza mumewe akirudi na buti zimejaa tope.

Mumewe, mtu mpole asiyejua kujibu utani, hucheka tu huku akibandua majani kwenye suruali. Kisha husema lile lile: "Njoo siku moja uuone."

"Nitakuja, baba watoto. Acha nimalize hii kazi."

Lakini kazi haikwisha. Kulikuwa na bibi harusi anayelia gauni halijakamilika, kulikuwa na sare za shule, kulikuwa na goti la kushoto lililomsumbua tangu mimba ya mwisho. Kesho ikawa wiki ijayo, wiki ijayo ikawa mwakani.

Mumewe alifariki asubuhi moja akifunga kamba za buti. Alisema, "Nasikia kizunguzungu," akaegemea ukuta. Basi.

Miezi mitatu baadaye, ofisi ya hifadhi ilimwita akachukue vitu vya mumewe. Alipokewa na mlinzi aliyefanya kazi na marehemu, jamaa mrefu aliyezoea kumwita shemeji. Akamkabidhi mfuko: koti la mvua, darubini yenye kioo kilichopasuka, kikombe cha bati.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi, shemeji." Mlinzi alijikuna shingo. "Ila kuna kitu kimoja hakibebeki. Kama una nafasi, twende. Si mbali."

Wakaingia. Mara jua likabaki nje. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya majani yaliyooza, na matone yalikuwa yakidondoka ijapokuwa mvua ilikatika tangu jana. Miti ilikuwa na mizizi mipana iliyosimama kama kuta. Fundi alitembea taratibu, akipumua kwa shida, akaona aibu kwamba ni pazuri.

Kwenye kona, kabla njia haijaanza kuteremka, palikuwa na benchi la mbao. Lilikuwa na egemeo la mkono upande mmoja tu, wa kushoto.

"Alilitengeneza mwenyewe," mlinzi alisema. "Alisema mke wangu ana goti bovu, akifika hapa atakuwa kachoka, na akitaka kuinuka apate pa kushika."

"Lini?"

"Huu mwaka wa tisa."

"Mwaka wa tisa!"

"Kila mvua zikiisha alilipaka mafuta lisioze. Tulimtania, tukamwambia mgeni wako mbona hatokei? Akasema ana kazi nyingi, atakuja."

"Hakuniambia."

"Alitaka ulikute tu."

Fundi akakaa. Mkono wake ukaangukia kwenye egemeo kana kwamba mtu alikuja kumpima usingizini.

"Nilikuwa natia vifungo," alisema, kama mtu anayejitetea mbele ya hakimu. "Gauni moja lina vifungo arobaini, shemeji. Arobaini."

Mlinzi alisogea kando, akajifanya anakagua mti usio na tatizo lolote, akamwacha alie.

Binti yake, alipopigiwa simu, alitaka watafute gari wakalichukue lile benchi, likae uani. Mama akakataa. "Aliliweka huko."

Ila hayo yalikuwa ya jioni. Pale msituni, alipokwisha kujipangusa uso, aliuliza swali moja: "Yeye alipapenda wapi zaidi?"

"Kule chini, kwenye maporomoko. Lakini ngazi zake ni kali, shemeji."

"Nipeleke."

Alishuka vidato tisa. Kwenye cha kumi goti likagoma kabisa. Akasimama ameshika kamba ya ngazi, akiyasikiliza maji asiyoyaona, mpaka mlinzi akamwambia mvua inakuja, warudi.