Aliyeingia Jeshini kwa Ajili ya Tarumbeta

Ijumaa iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kibiti: rafiki yangu wa tangu ujanani, mwanajeshi mstaafu, amefariki dunia. Nikasema kama ipasavyo kwamba sote ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea, kisha nikacheka. Msomaji wangu, usinihukumu. Aliyenipigia naye alicheka, na nasikia hata msibani kwao Mbwera watu walikuwa wakifuta machozi huku mbavu zinawauma. Huwezi kumtaja mtu yule ukabaki umenuna, maana kila anayemtaja hufika palepale, siku alipoulizwa kwa nini anataka kuwa askari.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba imeanza kuning'inia kila baraza pale Kibiti, na huko deltani, mto unapoingia baharini, matajiri wanakuja na boti za mashine kununua kamba, wale wa kuliwa, hata kijana aliyekuwa hana mbele wala nyuma akawa anatembea na redio begani. Ndipo maofisa wa jeshi walipokuja kuandikisha vijana katika uwanja wa shule. Tulijipanga juani, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Kila aliyefika mezani aliulizwa sababu, na kila mmoja alijibu kama kasuku: "Kulitumikia taifa langu, afande!" Nami nikajibu hivyohivyo, kwa sauti ya kupasua anga. Ofisa akauliza, "Kulitumikia kwa kufanya nini?" Nikarudia yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi. Akaniambia nikapumzike, na mpaka leo napumzika. Mwenzangu akasogea. Yeye alikuwa ameisikia bendi ya jeshi mara moja tu, kwenye sherehe Utete, na tangu siku hiyo hakuwa mtu wa kawaida.

"Nataka kupiga tarumbeta, afande."

"Hapa tunatafuta askari, si wapiga zumari."

"Nitakuwa askari, afande. Lakini asubuhi hao askari wataamshwa na nani?"

Meza nzima iliangua kicheko. Ofisa akafuta macho, akamwambia akalete kwanza ridhaa ya mzazi.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mama yake alikuwa mjane, na kaka wa pekee wa huyo mama alikwenda vita vya Uganda asirudi. Tulimkuta mama shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, anaamia ndege wasimalize mpunga. Alipolisikia neno jeshi hakutaka hata kushuka. "Mjomba wako aliondoka kwa miguu yake," alisema kutoka huko juu, "likarudi jina. Mmoja ananitosha. Kavue kamba kama wenzio." Mwanawe hakubishana. Alikwanyua jani la mpapai, akalikata kikonyo, akakipuliza. Sijapata kusikia mlio wa ovyo namna ile. Ndege wa shamba zima waliruka kwa mpigo mmoja, na bibi wa dungu la jirani akapiga kelele kuuliza nani anachinjwa. Mama alicheka mpaka akashika nguzo. "Basi kaa hapa uniamie ndege! Jeshini unafuata nini?"

Kisha akaacha kucheka, akauliza, "Na vita vikija?"

"Vikija nitakwenda, mama. Siwezi kukudanganya."

Nilimkanyaga mguu, maana nilidhani ameharibu. Mama akashuka taratibu, akamtazama kijana wake kama anayempima nguo. "Mjomba wako aliniambia hakuna vita," akasema. "Wewe angalau umenambia kweli. Nenda, baba. Ila siku ukirudi, nikusikie kabla sijakuona."

Jeshi nalo lina utani wake. Alipelekwa bendi, naam, lakini akapewa matoazi. Akayagonga kwa muda mrefu, akalima bustani za kambi, akabeba mizigo na bunduki kama wengine, bila kunung'unika, huku akijifunza tarumbeta kwa kuazima la wenzake. Mwishowe akapewa lake. Likizo aliyorudi na tarumbeta hilo nilikuwa naye kwenye mtumbwi. Tulipoukaribia mji wao akasimama, nusura atuzamishe, akapiga. Kina mama waliacha michi kwenye vinu wakaja mbio mtoni, na wa mbele kabisa alikuwa mama yake, kanga moja kiunoni, nyingine anaipeperusha hewani, anacheza kabla mwanawe hajakanyaga nchi kavu. Harusi zilizofuata, kutoka Mbwera mpaka Ruaruke, zilikuwa zikipangwa kwa kuangalia likizo yake.

Miaka ile kila mtu alijifunza kuuliza kazi fulani ina maslahi gani. Si swali baya. Watoto lazima wale. Lakini wengi waliokwenda kwa sababu ya maneno makubwa waliacha mapema, na wengi waliokwenda kwa pesa walihama pesa zilipohama. Huyu alidumu mpaka akastaafu kwa heshima. Wahenga husema mchagua jembe si mkulima. Lakini marehemu alichagua jembe lake mbele ya maofisa, akacheka nao, kisha akalima mpaka jua lilipozama.

Nami nimejifunza jambo moja kwake. Kijana akikueleza kwa nini anataka kwenda anakotaka, na sababu yake ikakuchekesha, cheka tu. Ukimaliza kucheka, msaidie aende.