Kipimo Kilichobeba Jina la Soipan

Mimi ndiye hupokea simu za watu waliokasirika. Ofisi ya kampuni yetu ya intaneti iko Kitengela, juu ya duka la vyakula vya mifugo, na mtu akikosa intaneti kuanzia Isinya hadi Mashuuru, matusi yake hunifikia mimi Nyawira kwanza. Kwa hiyo nikimzungumzia Soipan, fundi wetu, ninamzungumzia mtu ambaye kazi yake ingenipa amani. Haikunipa.

Soipan alizaliwa Mashuuru, kitindamimba wa mama aliyefiwa na mume mapema. Alichunga mbuzi, akasoma, akaenda chuo cha ufundi kujifunza mitambo ya mawasiliano. Kazi alianza kwa kupanda milingoti huku wanaume wakimshikia ngazi na kumwombea kwa sauti, kana kwamba ameshaanguka. Hakuanguka. Baadaye akawa ndiye wa kuikagua mitambo kabla kampuni haijanunua, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Taabu yenyewe ni hii. Kila ruta, yaani boksi la kupitishia intaneti, huja na kasi yake imeandikwa kwenye katoni, na katoni haijui aibu. Kampuni ndogo za intaneti huku kwetu zilipima kila moja kivyake, kama wauza mahindi na makopo yao ya gorogoro: ukikagua vizuri unakuta la huyu kitako kimegongwa kikaingia ndani. Mmoja alipima asubuhi kabla ya joto. Mwingine alishusha filamu moja kubwa, akaridhika, akaenda kunywa chai. Kisha boksi hilohilo lililosifiwa likafungwa Mashuuru, na jioni simu yangu haikupumua.

Soipan alinieleza kwa mfano wa josho la kuogeshea ng'ombe. Data husafiri ikiwa imekatwa vipande, na kila kipande huitwa pakiti. Filamu ni pakiti kubwa. Sauti ya mtu ni pakiti ndogo sana, nyingi mno.

"Pale kwa josho, ndama na fahali wote wanapita mmoja mmoja," alisema. "Ukileta ndama mia, hiyo ni foleni ya ng'ombe mia. Haijalishi ni wadogo."

Ndiyo maana boksi linalobeba filamu bila shida linaweza kuzimia kwa maongezi ya kijiji kimoja.

Basi akaandika njia moja ya kupimia, itumiwe na wote. Upime pakiti za kila ukubwa. Upime kwenda na kurudi. Boksi likae ndani ya sanduku la bati juani, kama litakavyokaa kule mlingotini, si mezani kando ya feni. Uongeze kasi mpaka pakiti ipotee, halafu ushuke mpaka isipotee hata moja, na kasi hiyo ndiyo uandike. Alijaribu na kurudia, Jumamosi zake zikaishia hapo, kwa sababu alitaka fundi wa kampuni nyingine akipima boksi lilelile apate jibu lilelile. Kuna siku nilimkuta akilia kwa kuwa majibu mawili yalikataa kufanana. Kumbe panya alikuwa ametafuna waya.

Aliyekuwa akilini mwake ni mama yake. Mama amebaki peke yake Mashuuru, nyumbani kwake simu ya kawaida haishiki, na njia yao ya kuongea ni WhatsApp kupitia mlingoti wa sokoni. Mlingoti huo ulikuwa unangoja boksi jipya. Soipan aliapa kwamba halitapanda lolote lisilopita kipimo chake.

Mwenyekiti wa umoja wa kampuni hizo ni bosi wetu, Bwana Ledama, mtu mpole, mwepesi wa kucheka, mwenye stoo iliyojaa maboksi aliyoyanunua kabla ya kipimo hicho. Soipan aliyapima. Hakuna lililopita.

"Soipan, mteja hawezi jua pakiti moja imepotea," alimwambia nikiwa hapo.

"Ng'ombe moja ikibaki bondeni, boss, utasema umerudisha kundi?"

"Nitasema nimerudisha karibu zote, na nitakula chakula yangu nilale."

Ledama hakumkasirikia. Afadhali angemkasirikia.

Umoja ulikutana Isinya, katika ukumbi wa kanisa, kupitisha kipimo rasmi. Mama yake Soipan aliletwa kwa gari la kampuni, akawekwa mstari wa mbele. Kabla ya chochote kusomwa, Soipan aliitwa mbele. Kina mama wakaimba, akavishwa shuka nyekundu mabegani na shanga shingoni, mchungaji akamwombea. Akiwa bado amesimama pale, Ledama akatangaza kwamba kipimo kitaitwa Kipimo cha Soipan, kisha akakisoma. Pakiti ndogo zilikuwa zimeachwa kwa sasa. Upotevu wa kawaida uliruhusiwa. Sanduku la bati halikutajwa.

Huku Kajiado, ukishavishwa shuka mbele ya watu, huku mama yako anafuta machozi ya furaha, huwezi kuivua uanze kubishana. Ni kuwatukana wote waliokuja. Ledama ni mwana wa hapa, na alilijua hilo vizuri kabla hajainunua hiyo shuka. Soipan alifungua mdomo. Nilimwona. Kisha akasema asante.

Haukupita muda, maboksi yakatoka stoo yakiwa na stika ya jina lake. Moja likapanda Mashuuru. Alimwendea Ledama kumsihi aondoe jina lile, akajibiwa kwa upole kwamba heshima hairudishwi. Nami nikapewa maneno ya kumjibu kila mlalamishi: kifaa chenu kimepimwa kwa Kipimo cha Soipan, kiko sawa. Nikiyatamka, yeye ameketi dawati la pili, anasikia. Siku hizi hapimi kitu. Anakuja, anakaa, anatazama dirishani.

Jana mama yake alinipigia ofisini. Alikuwa amepanda kilimani kutafuta mtandao wa kawaida, nikamsikia anavyohema. Niliweka spika, nikidhani Soipan atachangamka.

"Takwenya," mama akanisalimu Kimaasai.

"Iko, Yeyo," nikaitikia, nikimwita mama kwa lugha yake.

"Nyawira, Soipan amenikasirikia?"

"Hapana, Yeyo. Kwa nini?"

"Tukiongea kwa hiyo WhatsApp, ananyamaza. Mimi naongea, naongea, yeye kimya. Anarudi na nusu ya neno, ananyamaza tena. Nimemkosea nini?"

Nilimwambia hajakosa lolote, ni mtandao tu.

"Mtandao? Si walituambia hiyo boksi iko na jina yake?"

Soipan aliinuka, akaja akasimama kando yangu.

"Basi kama ni Soipan amepima, boksi iko sawa," mama akasema. "Ni masikio yangu. Nimezeeka. Usimwambie, atahangaika bure."

Akakata simu. Soipan alikuwa amefungua mdomo kama siku ile ya Isinya, na safari hii hata asante haikutoka.