Tanuru Lenye Bomba na Mitondo ya Mama Mkwe

Mwaka ambao tanuru kubwa la shaba la kampuni lilizimika, hewa ya Lubumbashi ilikuwa safi kuliko wakati wowote nilioujua. Nguo zilikauka kwenye kamba bila kushika masizi. Hakuna aliyeshukuru. Mimi nilikuwa mpimaji katika maabara ya kampuni, na badala ya mshahara wa miezi ya mwisho nilipewa mizani. Nikaibeba, pamoja na madaftari yangu, tukahamia kijijini kwa mke wangu, upande wa Kinsevere.

Kijiji chote kilichoma makala, yaani makaa ya kuni, kwa kuwa mji uliokosa umeme na mishahara bado ulitaka kupika. Mama mkwe peke yake hakuchoma. Alikuwa na mitondo tisa nyuma ya kichuguu, na kila mwaka, mvua za kwanza zikishanyesha, miti hiyo ilijaa viwavi tunavyoviita vinkubala. Alivikausha, navyo vilitulisha hadi mahindi mapya. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Akiwa na neno kwangu, aliwaambia kuku nikiwa karibu. Mimi nilijibu kupitia mke wangu. Kwa miaka kumi na mmoja tulielewana vizuri sana.

Niliona matanuru ya kijijini yakitoa moshi mwingi na makala kidogo, nikaudhika kama mtu anayeona hesabu mbaya. Katika kijitabu cha Kifaransa nilichookota maabara nilisoma kwamba kuni zikauke kwanza, zipangwe zikibanana, na tanuru liwekwe bomba pembeni. Bomba nililitengeneza kwa bati la pipa. Nilipima kuni zilizoingia na makala yaliyotoka, mara sita, nikaandika. Moshi ulipungua. Makala yaliongezeka karibu nusu. Nikamweleza mke wangu kwamba sasa kila nyumba itapata magunia yaleyale kwa miti michache zaidi, na msitu utapumua.

Mama mkwe alikuwa akipepeta mtama.

"Kuku," akasema, "muntu akipata mbili fasi ya moja, anaenda kulala?"

Nilimwomba mke wangu amjibu kwamba hesabu ni hesabu.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa wa kwanza kujenga tanuru lenye bomba. Mwezi uliofuata akajenga la pili. Wanunuzi wa Katuba, mtaa wa mjini, waliokuwa wakija na baiskeli wakaanza kuja na lori, na lori halisubiri. Watu wakaniuliza mti upi unatoa makala mazito. Nikapima, nikaandika orodha kwa herufi kubwa, nikaibandika kwenye mlango wa shule. Nafasi ya kwanza: mutondo. Mitondo ya vinkubala sikuitenga. Hakuna mtu aliyewahi kuikata kabla viwavi havijashuka ardhini, na sikuona sababu ya kuandika jambo ambalo kila mtoto analijua. Lakini karatasi ilikuwa mlangoni pa shule, na haikusema "isipokuwa".

Mvua za kwanza zilipofika nilikuta visiki tisa nyuma ya kichuguu, vimekatwa kwa kimo kimoja, kama kijitabu kinavyoshauri. Shemeji hakujificha. Alisema ameanza na namba moja.

Jioni ile mama mkwe alikuja na kitunga chake cha vinkubala. Kuku walikuwa uani, akawapita. Akakaa mbele yangu, akanitazama. Sikuwa nimewahi kujua kwamba macho ya mke wangu yametoka kwake.

"Mukwe," akasema, "weye unapima yote. Unipimie na hii."

Akaweka kitunga kitupu juu ya mizani. Mke wangu aliacha kusonga bukari. Nikasogeza kijiwe hadi mkono wa mizani ukatulia, nikamwambia uzito wa kitunga. Akaitikia kwa kichwa, akakichukua, akaenda. Niliuandika uzito huo pia daftarini. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea.

Kesho yake niliibandua karatasi na kung'oa bomba langu. Nililiacha nyuma ya nyumba, na kabla ya saa sita shemeji alikuwa ameliokota kwa tanuru lake la tatu. Alinipongeza mbele ya watu: moshi, kweli, ulikuwa mdogo sana.